Saa Saba ya Dokta Frank

Jumanne, 9 Septemba 2025

Chuoni Chimwaga. Vumbi mpaka kwenye meno. Mchana wote kwa Violeth, mhadhiri msaidizi. Anapima kasi ya plazma — gesi ya moto yenye umeme — inayofoka kutoka kwenye jua. Picha zinatoka kwenye darubini ya satelaiti. Jua lenyewe limezibwa na kisahani cheusi. Kinachobaki ni wingu jeupe linalotanuka pembeni. Anaweka nukta kwenye ukingo wa wingu, picha ya kwanza, kisha ya pili. Umbali gawanya kwa muda. Basi! Nilitegemea kitu kigumu zaidi.

Nikiwa narekodi mahojiano ya gazeti, simu ikaingia. Dokta Frank, mkuu wake. Mtandao ofisini kwake umegoma, ana picha ya pili tu. Kwenye ya kwanza wingu liko wapi, na ilipigwa saa ngapi? Violeth akamsomea umbali, akamwambia saa saba. Simu ikakatwa.

Jumatano, 10 Septemba

Dokta Frank redioni asubuhi: kilomita mia mbili na kumi kwa sekunde. Wingu goigoi, litatufikia wiki ijayo. Gazeti letu limeandika hivyo hivyo. Jina langu juu.

Saa nne Violeth kapiga, pumzi juu. Si mia mbili, ni karibu elfu moja! Linafika kesho. Picha zinabeba saa za kimataifa: saa saba yetu ya mchana, kwenye picha huandikwa 10:00. Dokta kasikia saba, kaandika 07:00. Picha ya pili ni ya 10:48, hiyo kaisoma mwenyewe. Dakika arobaini na nane zikawa karibu saa nne, na wingu likawa kobe.

Violeth kamwambia Dokta hivyo. Jibu: mtu wa sayansi akisema saba, ni saba. Halafu akamkumbusha kwamba kamati ya mikataba inakaa Jumatatu, na mkataba wake umo.

Nimemwomba Gaudence, mhariri wangu, tusahihishe.

— Dada Sidonia, jua haliwezi kutupeleka mahakamani.

Akacheka peke yake.

Alhamisi, 11 Septemba

Limefika.

Matonya, mpima viwanja, kanipigia kutoka Buigiri, anafoka kuliko hilo jua. Wingu limevuruga mawimbi, kipimo chake cha satelaiti kinatangatanga tangu asubuhi. Kwa kipimo hicho, jiwe la mpaka la mteja limeangukia chooni kwa jirani — na jirani yumo ndani!

— Mlisema wiki ijayo, dada! Nyie na magazeti yenu!

Nilimpa pole. Akasema pole haipimi kiwanja.

Jioni, Dokta Frank redioni tena. Sauti ya mazishi. Eti msaidizi alimpa saa isiyo sahihi. Hakumtaja jina. Ana msaidizi mmoja tu! Na kinachoniudhi: nadhani anaamini anachosema.

Ijumaa, 12 Septemba

Violeth kaja ofisini. Hakulia, hakulaumu mtu. Anaomba rekodi. Nikamwambia kawaida yangu: rekodi za kazi sitoi. Mwandishi akigeuka shahidi, kesho nani atamfungulia mlango? Akasema sawa, dada. Akaondoka. Hiyo “sawa” imenisumbua kuliko makelele ya Matonya.

Nikaisikiliza. Feni, kiti, simu. Kisha sauti yake, wazi kabisa: “Saa saba, Dokta, ile tuliyoikuta tukitoka kula.”

Tukitoka kula! Saa saba ya Dokta, ile 07:00 ya picha, kwetu ni saa nne asubuhi. Nani Chimwaga anatoka kula ugali saa nne asubuhi?

Nikaisikiliza tena. Haikubadilika.

Saa kumi jioni Dokta Frank mwenyewe kapiga. Heshima tele. “Dada yangu mwandishi.” Kasikia kuna rekodi. Tuyamalize kiutu uzima, kamati isisumbuliwe na mambo madogo. Niende kwake Jumatatu saa nne, kabla hawajakaa, na kinasa sauti changu.

— Saa nne ipi, Dokta?

Akakohoa.

— Ya kwetu, au ya picha?

Nasikia feni ya ofisini kwake inazunguka. Simu hajakata. Nami sikati. Naandika huku nimeibana begani —