Mukono wa Shangazi Bibiane

Bukavu, 6/5/2024

Mama mupenzi,

Nakusalimu sana. Uko muzima? Mihogo ya Luvungi imepona na mvua? Tumbo langu ni lile lile. Jana nililala chini kwenye sementi ya ofisi, nikingoja lipoe. Lakini sasa ugonjwa una jina: endometriosi. Daktari alipitisha kamera kitovuni, akaona nyama kama ile ya ndani ya kizazi imeota nje yake. Mwezi ujao watanipasua. Nataka shangazi Bibiane anilinde hospitali, kama alivyonikanda na kitambaa cha moto tangu nikisoma. Mbona hapokei simu?

Mutoto wako, Masika

Luvungi, 15/5/2024

Masika wangu,

Sisi tuko, Mungu anasaidia. Umekula?

Bibiane nilimfukuza. Kwenye kikundi cha sala waliona mukono wa mwanamke asiyezaa umefunga kizazi chako. Nani mwingine alikuwa akikushika tumbo kila mwezi? Alibeba godoro lake, akaenda Kamanyola. Usinigombeze.

Mama yako

Bukavu, 19/5/2024

Mama,

Salamu, ingawa nimekasirika.

Hakuna mukono. Mwili ukiona nyama imeota pasipo pake, askari wake wa kinga wanakuja kuiondoa. Wanaitana kwa kemikali ndogo ndogo, daktari anaziita sitokini. Kwangu mwito haukomi. Wanazidi kuja, hawaiondoi, wanachochea maumivu, wanaifungulia hata njia za damu ipate kukua. Unawajua wewe askari waliotumwa kulinda shamba wakabaki wakila mihogo. Wataalamu bado wanatafuta sababu yake, lakini hakuna aliyemtaja shangazi. Kamfuate, mama. Silali.

Masika

Luvungi, 8/6/2024

Mutoto wangu,

Natumaini maumivu yamepungua kidogo. Ninajua ulingoja.

Kule Kamanyola nilimkuta Bibiane amelala sakafuni, kitambaa cha moto tumboni, pale pale alipokuwa akikukanda wewe. Nilimsomea barua yako. Akauliza: "Masika iko anaumwa na mugongo pia? Na akienda choo?"

Nikamuuliza yeye inamuuma tangu lini. Akasema, tangu kabla ya bwana yake kumurudisha kwetu bila mutoto. Miaka yote hiyo tumekula naye sahani moja, na mimi sikuuliza. Naona haya, Masika.

Tunakuja wote wawili. Mimi nitapika, yeye atakukanda. Muulize daktari kama atakubali kumwona na yeye.

Mama yako, na shangazi yako