Baba Kwenye Kiti cha Vipimo

Shoga, baba yangu amekuja kupimwa kwenye utafiti wetu wa misuli ya wazee. Hakuniambia!

Nilikuwa nyuma ya pazia napanga fomu. Nikamsikia nesi, "Mzee, simama mara tano bila kushika kiti."

Hata mara moja ilimshinda. Hata mara moja, shoga! Baba huyuhuyu wa "mimi bado chuma".

Akanong'ona, "Binti yangu anafanya kazi hapa. Tafadhali, asijue."

Nikabaki hapohapo nyuma ya pazia mpaka akamaliza.

Alipotoka nikajifanya ndio kwanza nafika. Akasema, "Nimepita kukusalimia." Nikamjibu, "Karibu, baba."

Ameshaondoka. Matokeo ya leo naingiza mimi kwenye kompyuta. Nimefika kwenye jina lake, nimeandika sifuri.