Aliyekuwa Akilima Bustanini kwa Mzee Theodory

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Sumbawanga mjini
Jumamosi, 17/7/1993, saa 3:15 asubuhi

Jina: Bertilla binti Oswaldi
Umri: Miaka 46
Kabila: Mfipa
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mkulima, na muuza vitumbua sokoni
Makazi: Izia

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimekuja kusahihisha maelezo niliyoandikisha hapa Alhamisi tarehe 15, kwa sababu yamemweka mtu mahabusu na si ya kweli. Sikusema uongo, afande. Nilisema nilichokiona. Ila nilichokiona sicho.

Mzee Theodory namfahamu tangu nikiwa msichana. Ni fundi baiskeli na saa. Mkewe alifariki, anaishi peke yake chini ya barabara, na nyuma ya nyumba ana bustani ya kabeji kando ya kijito. Tangu biashara iwe ruksa na redio za kaseti kujaa mjini, zikifa watu humpelekea, naye hutoa mota ndani akatengeneza vitu vya kuchezacheza: kuku wa bati anayedonoa, mwanamke mdogo wa waya anayepepeta kwa ungo. Tulikuwa tunamcheka. Mimi niliwahi kumwambia, "Baba, utazeeka na midoli." Akanijibu, "Nimeshazeeka, mwanangu. Sasa nacheza."

Kila siku isipokuwa Jumapili napita ile barabara saa moja asubuhi na beseni langu kichwani. Bustani iko bondeni, kama hatua mia mbili. Kwetu hupiti mtu analima ukanyamaza, hata kama mna ugomvi. Basi hupaza sauti, "Shikamoo, baba! Pole na kazi!" Naye huinua mkono. Kwa umbali ule mkono unatosha, naendelea na safari yangu. Siku nyingine nilisalimu mara mbili au tatu ndipo akaitika, nikadhani masikio yameanza kumchoka.

Mnamo Alhamisi tarehe 15, saa 1:10 asubuhi, nilipita, nikasalimu, akainua mkono. Saa 4 hivi, nikiwa sokoni, nikasikia Mzee Theodory kakutwa ndani ya karakana yake, kapasuka kichwa, hajitambui. Kigoda kimepinduka, na mkononi kashika yule kuku wa bati. Aliyemkuta ni Kija, mfugaji wa Muze, na shati lake lilikuwa na damu. Watu wakakumbuka kwamba mwezi wa tano ng'ombe wa Kija waliingia kwenye kabeji, wakagombana sana. Kija alisema ametoka Muze kwa lori alfajiri ileile kufuata baiskeli yake, akamkuta mzee chini, akamwinua. Nesi naye alisema damu imekauka, kidonda ni cha tangu jana yake. Lakini mimi nilikuja hapa nikaapa kwamba saa 1:10 mzee alikuwa mzima, analima. Mkaniamini mimi, Kija akafungiwa. Kweli ulimi hauna mfupa.

Jana, Ijumaa tarehe 16, nilipita kama kawaida. Mzee yuko hospitali, hata jicho hajafumbua. Nilimwacha kitandani jioni ya Alhamisi. Nikatupa macho bondeni, nikamwona analima.

Koti ni lake, kofia ni yake. Jembe linapanda, linashuka. Nilifanya ishara ya msalaba. Nikajua basi, mzee amefariki, na roho yake imerudia kabeji zake. Nilitaka kukimbia. Lakini mdomo ulishazoea, ukasema wenyewe, "Shikamoo, baba." Akainua mkono.

Niliweka beseni chini nikashuka. Niliogopa, sikatai. Nilipofika karibu nikaona chini ya kofia hakuna uso, ni debe. Mbavu ni ringi za baiskeli, magoti ni bawaba za mlango. Mnyororo wa baiskeli unatoka kiunoni unaingia kwenye gurudumu la mbao lililowekwa ndani ya kijito, na maji ndiyo yanalisukuma. Jembe halifiki chini. Linaishia shubiri moja juu ya udongo, linapanda tena. Nikahesabu: mapigo kumi na mawili ya jembe, kisha mwili unanyooka, mkono wa kulia unapanda mpaka kwenye kofia, unatulia, unashuka. Halafu tena kumi na mawili.

Nilikaa chini pale pale. Woga ulinitoka, vitumbua nikavisahau. Afande, sijawahi kuona kitu kama kile kilichotoka mikononi mwa mtu ninayemfahamu. Ule ni mwendo wake mwenyewe. Bega la kushoto linashuka kidogo kabla ya jembe, kama anavyofanya tangu alipoanguka na baiskeli zamani. Hilo bega alilipimaje, wakati mtu hajioni akilima? Nililia kwa jinsi kilivyokuwa kizuri. Mzee alitaka wezi na wenye mifugo wadhani mtu yupo, na alitujua sisi wapita njia: tutasalimu, na tukiona mkono tutaridhika.

Koti lake limepauka mabegani kwa jua. Maana yake yule yuko pale miezi, haikuwa Alhamisi peke yake. Nimeona aibu. Naomba iandikwe kwamba Mzee Theodory mwenyewe nilimwona uso kwa uso mara ya mwisho Jumapili tarehe 4 Julai, kanisani. Jumatano sikumwona, wala Alhamisi. Basi nesi alisema kweli, mzee aliumia Jumatano, nadhani kwa kuanguka na kigoda chake. Na Kija Jumatano yote alikuwa mnadani Muze, na dereva wa lori yupo, aulizwe.

Leo kabla ya kuja hapa nilipitia hospitali. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamsalimu sikioni. Hakuitikia. Nitakwenda tena jioni.

Niliyoyaeleza nimesomewa, nimeyasikia yote, na ndivyo yalivyo. Nimetia saini kwa hiari yangu.

(Saini) Bertilla Oswaldi

MAELEZO YA OFISA: Baada ya kuandika hayo nimefika eneo la tukio nikiwa na shahidi saa 4:40 asubuhi. Nikiwa barabarani nimeona mtu analima. Nimeshuka na kuthibitisha kuwa ni mashine. Ukaguzi umechukua saa moja na dakika ishirini. Sikuichukua kama kielelezo, kwa kuwa ikitolewa majini itasimama. Dereva wa lori amehojiwa, maelezo yake yanalingana na ya mtuhumiwa. Kija ameachiwa saa 8:30 mchana. Ameelezwa kwamba lori la Muze linaondoka saa 9. Amesema liondoke, yeye anakwenda hospitali.

(Saini) Koplo Wilibrodi