Si Jogoo, ni Rezista Yangu

Mwanjelwa,
Mbeya.
14 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Rozalia,

Shikamoo. Unaendeleaje, na mguu umepata nafuu? Huku baridi ya Juni imetukamata, lakini tunalala na kuamka salama. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu ungenikatiza uanze kunitetea.

Mayai yako yameharibika mara mbili kwenye mashine ya kutotolesha. Mara ya kwanza ulisema jogoo hana nguvu, ukamchinja. Mara ya pili hukusema kitu, na kimya hicho kimeniuma zaidi. Shangazi, jogoo yule hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Kile kisanduku nilichokuundia cha kupunguza umeme wa betri ya sola unaoingia kwenye mashine hiyo kina rezista, kidude kinachobana umeme, ya nusu omu. Nilipima mkondo kwa mita, nikasoma ampea moja, nikapiga hesabu nikapata nusu wati. Nikaweka rezista ya wati moja niliyoing'oa kwenye televisheni mbovu, nikajisifu kwamba nimeweka maradufu. Ikaungua, mashine ikapoa. Nami kwa kichwa kigumu nikaweka nyingine kama ileile, nayo ikaungua.

Safari hii nilimwendea Fanueli, mwalimu wa ufundi, mwenye kifaa kinachochora umeme kwenye kioo. Kumbe mkondo hauendi mfululizo. Unapita ampea nne kwa robo ya muda, kisha unakatika, na hivyo hivyo maelfu ya mara kwa sekunde.

"Mita inakupa wastani tu, dada," akaniambia. "Rezista inaunguzwa na zile nne."

Nikarudia hesabu: nne mara nne, mara nusu, wati nane; na kwa kuwa ni robo ya muda tu, zinabaki wati mbili. Nimenunua mpya ya wati tano. Nimeiwasha siku tatu ikipitisha umeme wote ambao mashine yako hutumia, na haijabadilika hata rangi.

Nasikia kina mama wa kikundi chako wanataka kuacha kufuga kuku. Nakuomba uwazuie. Kusanyeni mayai. Nafunga duka langu, Jumamosi ijayo nafika kwako Idodi na kisanduku, na sitaondoka kando ya mashine hiyo siku zote ishirini na moja, mpaka nisikie vifaranga wanalia.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Devotha na Adrian. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Mwanao akupendaye na kukuomba radhi,
Tumpe