Uzito wa Idarusi

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Watu wa Tongoni wamejitanda mashuka, ati kuna baridi. Mimi natoka jasho. Mtu wa Mlalo, kule milimani, aachwe Mlalo — ningemwambia Daktari hivyo siku aliponichagua, lakini nilifurahi mno kupewa kazi, nikasahau kufikiri.

Leo nimepima watoto bandani kwa jumbe. Daktari anafanya utafiti: anataka kujua kama maziwa ya unga peke yake yanaweza kuwaponya watoto waliovimba. Yeye huja kutoka Tanga Jumatano, wiki moja aje, ya pili asije. Siku nyingine zote ni mimi, mizani na debe la maziwa.

Mtoto mmoja hakuletwa. Idarusi, wa jirani yangu Mwamvua. Amevimba miguu, wanawake wameninong'oneza. Nikauliza, mbona haletwi? Wakatazamana.

Jumanne, 7 Agosti

Nimejipeleka mwenyewe. Mwenye nyumba ni Bi Semeni, mama mkwe wa Mwamvua. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri, lakini mlango aliuziba kwa mwili wake, na mwili anao. Nikasifia ukili aliokuwa anasuka, nikaketi, nikakaa. Mwisho akachoka kunitazama, akanipisha.

Mtoto ana mwaka na nusu. Nywele nyekundu, laini. Ukibonyeza mguu, shimo linabaki. Halii, hachezi, wala mimi mgeni hakunishangaa. Aliachishwa ziwa mama yake alipougua homa, na tangu hapo ni uji wa muhogo asubuhi na jioni. Samaki wamejaa kijiji hiki! Lakini mtoto mdogo hapewi, wanasema atapata mchango, minyoo ya tumboni.

Bi Semeni anasema kabemendwa. Neno nililisikia zamani, maana yake sikupata kuelezwa. Akanieleza polepole kama anasema na mtoto: mzazi akitoka nje ya ndoa, kisha akamshika mwanawe aliye mchanga, mtoto huvimba, huyo anakwisha. Dawa ipo, ila haishiki mpaka mwenye kosa akiri kwa kinywa chake. Uweso, mume wa Mwamvua, yuko Korogwe kwenye karakana ya reli. Hajaja tangu kabla ya Ramadhani, hajamgusa mtoto. Basi kabaki nani?

Mwamvua alikuwa palepale anakuna nazi. Hakuinua macho.

Kanuni nzuri hiyo, kwa anayekaa mbali.

Jumatano, 8 Agosti

Nimembeba Idarusi mwenyewe mpaka kwa Daktari. Bi Semeni kanuna. Daktari kabonyeza miguu, katazama nywele, hakufikiri sana: tumbo limejaa muhogo, mwili unadai maziwa, samaki, kunde. Ameagiza maziwa tu, asichanganyiwe kitu kingine. Ukibadili mambo mawili kwa pamoja, amesema, hujui ni lipi lililoponya. Nimeipenda hiyo. Akili iliyofagiwa.

Jioni, uani, Mwamvua ananiambia: dada Ruthi, wallahi simjui mwanamume mwingine. Najua, nikamwambia. Akauliza najuaje. Nikasema subiri — maziwa yatamponya mwanao, na akipona kwa maziwa, kila mtu ataona kuwa huna kosa. Nilisema kwa kujiamini sana, na nilijisikia vizuri kusema.

Jumatatu, 13 Agosti

Anakunywa, kijiko kwa kijiko. Aliharisha kidogo, imekoma.

Leo nimempima mbele ya watu wote, makusudi, ili waone. Ameshuka! Tena si kidogo. Nikamtoa, nikaning'iniza mfuko wa unga ambao uzito wake naujua. Mizani nzima. Nikampima tena. "Ameshuka," nikasema. Neno limenitoka tu, mbele ya wanawake wote. Bi Semeni akawageukia: mmemsikia wenyewe.

Alhamisi, 16 Agosti

Ameshuka tena. Uso umesinyaa, umekuwa wa kizee. Miguu imekonda. Mwamvua kaniuliza, anakwisha, dada? Nikajifanya natafuta kijiko.

Hakuna wa kumuuliza. Daktari yuko upande wa Mkwaja, huko anapima watoto wengine. Nimefundishwa kupima. Kilichopimwa kina maana gani, hilo sikufundishwa, na mpaka wiki hii sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Jumamosi, 18 Agosti

Amekiri.

Alikuja kwangu kwanza, asubuhi, amevaa kanga safi. Dada, nitasema nimefanya. Nikamwambia hukufanya. Sikufanya, anasema, lakini dawa yao haishiki bila kukiri, na maziwa yako yanammaliza mwanangu. Kisha akanishika mkono. Niambie kwa yakini kwamba Jumatano Daktari atamkuta hai, nami nitarudi nyumbani ninyamaze.

Sikuweza. Nimeona watoto wa namna hii huko Tanga, jioni yupo, asubuhi hayupo. Nitoe yakini wapi? Nikasema tusubiri kidogo. Akasema, wewe subiri.

Basi akaenda, mbele ya Bi Semeni, mganga na wanawake wawili. Akasema ni mchuuzi wa mbata, mtu wa kupita, jina lake hakuliuliza. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sauti haikutetemeka. Mtoto akaogeshwa maji ya mizizi. Aliyelia ni Bi Semeni — nilidhani atamtukana, kumbe alimkumbatia, akamwambia ahsante mwanangu, umeniokolea mjukuu. Nilikuja nimejiandaa kumchukia yule mama, na hata hilo limenishinda.

Maziwa nimeendelea kumpa. Hakuna aliyenikataza.

Jumatano, 22 Agosti

Daktari kambonyeza mguu, shimo hakuna. Amefurahi kweli. Nikamwonyesha jinsi uzito ulivyoshuka. Akasema, ndivyo inavyotakiwa. Yale yalikuwa maji. Mtoto aliyevimba akianza kupona hupungua kwanza, maji yanatoka, halafu ndipo nyama inajengeka. Kwani hukuambiwa?

Sikuambiwa. Au niliambiwa kwa Kiingereza, kikanipita.

Kushuka ndiko kulikuwa kupona. Mimi nikasimama mbele ya kijiji kizima nikatangaza kushuka huko kuwa msiba.

Nikamweleza yote kuhusu Mwamvua, nikamsihi awaambie watu kuwa ni maziwa. Ni mtu wa haki, ndilo tatizo lake. Akasema yeye binafsi anaamini ni maziwa. Lakini mtoto huyu ameogeshwa dawa nyingine katikati ya utafiti, hawezi tena kumhesabu wala kumtumia kama ushahidi wa jambo lolote. Anasikitika. Akaandika, akafuta, akapanda gari.

Ni ileile kanuni niliyoipenda. Leo nilitamani awe mwongo kidogo tu.

Jumatano, 29 Agosti

Amepanda! Na nywele mpya nyeusi zimeanza kuchungulia. Amenivuta sikio, akacheka kwa kuniumiza.

Kijiji kizima kinajua kilichomponya. Nimewaeleza maji, nyama, maziwa, mlango kwa mlango. Wananisikiliza kwa adabu. Bi Semeni kaniletea kisamvu, akaniambia maziwa yangu nayo yamesaidia, hakatai, mgonjwa lazima ale. Wala hamsimangi Mwamvua. Anamwonea huruma, na huruma ile haijibiki.

Mwamvua nilimkuta anafua. Nikamwambia, yakane maneno yako, sema ulidanganya. Akaniuliza, nikisema nilidanganya, dawa ilishikaje? Akaendelea kufua.

Habari zimefika Korogwe kwa kinywa cha dereva wa lori. Uweso anakuja.

Jumapili, 2 Septemba

Amefika jana. Nilitegemea kelele. Hakuna — mtu mpole, mikono ina grisi isiyotoka, alimbeba mwanawe mpaka usiku ukaingia.

Leo, nimemaliza tu sala zangu, nikasikia hodi. Yeye, mama yake, Mwamvua na mtoto. Wakaketi kibarazani kwangu. Uweso akasema, nesi, mke wangu ananiapia kwamba hakufanya, alisema vile kwa hofu. Mama ananiambia vingine. Wewe si wa upande wowote, na wewe ndiye uliyempima. Nataka kukuuliza mawili tu.

Kabla hajakiri, mtoto alikuwa akipanda au akishuka?

Nikasema ngoja kwanza nikueleze. Akasema utanieleza, lakini nijibu.

Akishuka.

Na baada ya kukiri?

Nilimtazama Mwamvua. Alikuwa amenikazia macho kwa mara ya kwanza tangu siku aliyokiri, na nilijua anataka niseme uongo. Nami uongo sikuwa nao, watu wote walikuwepo nikitangaza.

Akipanda, nikasema. Kisha nikaeleza, maji, nyama, Daktari alivyosema, haraka haraka mpaka Kishambaa kikaniingia katikati. Uweso alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama Daktari anaweza kuja kulisema hilo yeye mwenyewe. Nikasema amekataa, mtoto huyu hamhesabu tena. Akasema ahsante, nesi, Mungu akulipe kwa kumpima mwanangu. Akamwambia Mwamvua, kwa sauti ileile ya upole, kwamba kesho kaka yake atakuja kumchukua. Mtoto atabaki kwa bibi yake.

Idarusi ameanza kulia njaa, kilio kikubwa, cha mtoto mzima. Nimekimbilia ndani kukoroga maziwa, na haya nayaandika nikisubiri maji. Nimesogeza pazia. Uweso ametoka, amesimama barabarani ametupa mgongo. Bi Semeni amempakata mtoto. Mwamvua ameketi mkeka uleule, karibu kabisa, na Idarusi anamwinamia yeye.

Maji yamechemka. Wanawake wote wawili wamenyoosha mikono kuelekea mlangoni, na sijui kikombe nimpe nani.