Kwa Baba Yetu Muasya, Mwenye Bomba Kidoleni

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotuacha Juni 2006, na jambo la kwanza tunalotaka kukuambia ni kwamba tuliharibu gitaa lako. Tusamehe.

Wengi walikujua kwa duka lako la mabomba pale Ngara. Ulikuwa mpole, hukumfokea mteja hata siku moja, ila ulimchelewesha. Mtu anaomba bomba la nusu inchi, wewe kwanza unaingiza kipande kwenye kidole cha mwisho, uone kama kitateleza vizuri juu ya nyuzi za gitaa, maana ndivyo ulivyolipiga. Shaba ulisema inalia, chuma kinanung'unika, plastiki haina adabu.

Siku watu wa Mungai walipokuja nyumbani Mountain View kumposa binti yako Kasiva, kipande cha shaba kilikataa kutoka kidoleni. Ukawasalimia nacho. Wakakupa pole ya ajali, nawe ukaipokea kwa huzuni kabisa. Tuliona haya siku hiyo, lakini tunacheka mpaka leo.

Gitaa lako halikutuniwa kama la watu wengine. Uliregeza nyuzi mpaka ukizipiga bila kushika popote zinaitikia pamoja. Siku ya mazishi mpiga gitaa wa kanisa akalichukua, akafikiri limeharibika, akakaza nyuzi zote kabla hatujamwona. Alitaka kusaidia. Mwanao Muli amehangaika mwaka mzima kurudisha sauti yako, amekata nyuzi nne, na majirani wamevumilia. Tuliogopa kwamba tumeizika pamoja nawe.

Mwezi uliopita tulimpelekea Bwana Muchiri, mwalimu wa gitaa kule Parklands, ile kaseti uliyojirekodi. Inavuta vibaya, unasikika kama umemeza ugali wa moto. Akasema anasikia nyuzi zinavyofuatana, ila kwa kaseti hiyo hawezi kujua zinaanzia wapi. Alihitaji sauti sahihi ya uzi mmoja tu, nyingine zifuate.

Tulimwambia Mama. Akasema, "Ile uzi ya tatu alikuwa anatuni na sauti yangu. Alikuwa ananingoja nimuite chakula."

Na sisi miaka yote tulidhani unachelewa mezani kwa kiburi.

Mama hakuwa amekuita kwa sauti tangu uende, na hakutaka. Alikataa wiki mbili. Jumapili iliyopita akasimama mlango wa jikoni, Muli akiwa sebuleni na gitaa.

"Baba Kasiva, kuja ukule."

Mara ya kwanza sauti yake ilikatika. Mara ya pili uzi ulikuwa chini kidogo. Mara ya tatu vikakutana sawasawa, na sote tukageuka kuangalia mlango wa chumba chako.

Mama akajifuta macho na aproni. "Si mnaona?" akasema. "Hata yeye alikuwa hakuji mpaka umuite mara tatu."

Tunaokukumbuka ni mkeo Nthenya, watoto wako Kasiva na Muli, mkweo Mungai, na dada yako Kavata. Hutatutoka moyoni, Baba, na tutazidi kukuita.