Petroli Niliyosema Nimeipima

Mpendwa Baba,

Kuna jambo ambalo hapo nyumbani sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Petroli iliyoua injini ya boti yetu niliinunua bila kuipima.

Shikamoo Baba. Natumaini mgongo umepoa na hapo Mwamgongo dagaa wanapatikana. Mimi ni mzima huku Ujiji, na masomo yanaendelea.

Siku ile uliponituma na dumu, ulinikumbusha nidondoshe tone kiganjani: likikauka upesi ni petroli, likiacha utelezi limechanganywa na mafuta ya taa. Nilipokunja mkono wa sweta, muuzaji akapaza sauti, "Dada, umekuja kununua au kunawa?" Watu wakacheka. Niliona aibu, nikalipa, nikaondoka. Ulipouliza, nikajibu, "Nimepima, Baba."

Injini ilipoanza kugonga karibu na Gombe na pistoni ikatoboka, ulimlaumu Kaka Festo kwamba alichanganya oili kidogo mno kwenye petroli. "Oili unaweka kama chumvi ya mgonjwa!" ulimwambia mbele ya wavuvi, ukamwondoa kwenye injini. Nilikuwa nimesimama palepale, nikanyamaza. Baadaye nilinusa dumu. Lilinuka mafuta ya taa.

Wiki hii mwalimu wa kemia ametufundisha namba ya okteni. Nilidhani ni nguvu ya mafuta. Kumbe inaonyesha jinsi mafuta yanavyostahimili kugandamizwa ndani ya injini bila kujiwakia yenyewe. Ya mafuta ya taa ni ndogo sana. Yakiingia kwenye petroli, mchanganyiko unawaka ovyo bila kungoja moto wa plagi. Ndiko kule kugonga, na joto lake hutoboa pistoni. Wenzangu waliendelea kuandika, mimi nilishindwa.

Baba, naomba umrudishie Kaka injini. Hasira zako niwekee mimi, nitakuja kuzipokea likizo. Msalimie Mama, na Bibi anayeniombea kila siku, na Shangazi huko kwenye vichanja vya kuanikia dagaa.

Jumamosi niliomba ruhusa, nikamfuata Kaka mwaloni Kibirizi, boti zinakoegeshwa, anakobeba mizigo siku hizi. Nilimweleza yote. Alitua gunia, akalikalia.

"Kumbe sikukosea kipimo," alisema. "Nilishaamini kabisa kwamba nilisahau."

"Nisamehe, Kaka."

"Baba anajua?"

"Bado."

"Basi mwandikie. Mimi sitajitetea tena."

Nilimshikia gunia upande mmoja mpaka kwenye boti, nikarudi shuleni, nikakaa kuandika barua hii.

Ni mimi binti yako,
Adela